Programu ya simu ya afya: Ipimwe kama dawa kabla ya kufikishwa kwa majaji

Ikiwa una binti au mvulana katika shule ya upili hapa mjini, yamkini umekwisha kusikia habari za mashindano ya kuunda programu za simu. Mtoto huja nyumbani na fomu ya kutiwa sahihi na mzazi, jioni huomba simu yako, na kabla wiki haijaisha huomba pesa za bando. Ukimwuliza hiyo programu itafanya kazi gani, mara nyingi jibu ni lile lile: itasaidia wagonjwa. Kuna ya kumkumbusha nyanya ameze dawa za shinikizo la damu, kuna ya kuhesabu siku za hedhi, kuna ya kumwambia mama kama mtoto wake ana malaria, na kuna ya kumliwaza kijana mwenye huzuni.

Si ajabu kwamba vijana wengi huchagua afya. Ugonjwa ni jambo wanaloliona nyumbani kila siku, na majaji huguswa nalo upesi kuliko programu ya kutafuta nyumba ya kupanga. Lakini hapo ndipo penye tofauti, mpendwa msomaji. Programu ya nyumba ikikosea, utapoteza nauli ya matatu. Programu ya afya ikikosea, anayeumia ni yule aliyeiamini.

Kila mwaka wanafunzi hufika katika kliniki yangu, aghalabu wiki mbili au tatu kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha kazi, wakitaka barua ya kuonyesha kwamba daktari ameikagua. Kabla sijaangalia picha na rangi walizozipanga, huwauliza swali moja: programu yenu itamwambia nini mtu aliye katika hali mbaya kuliko zote mnazoweza kuzifikiria? Walio wengi hunyamaza. Wameandika jibu la mgonjwa wa wastani, na mgonjwa wa wastani kwa kawaida hupona hata bila simu.

Walichofanya wasichana wa Kisumu

Miongoni mwa mashindano yanayojulikana sana ni Technovation, yaliyoanza Marekani mwaka wa 2010. Ni ya wasichana wa umri wa miaka 8 hadi 18, hawalipi chochote kushiriki, na timu haizidi watu 5. Timu hutafuta tatizo katika jamii yake, huunda programu ya kulitatua, kisha huwasilisha video ya kulinadi wazo lao, video ya kuonyesha programu ikifanya kazi, maelezo mafupi ya mradi na msimbo wenyewe. Walio wakubwa huongeza mpango wa biashara. Masharti hubadilika kidogo kila msimu, kwa hivyo soma ya mwaka wenu, si yale aliyoyahifadhi dada yako. Wavulana nao wanaweza kupeleka kazi zao katika Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, yaani KSEF, ambayo wazazi wengi waliyajua kwa jina la Kongamano la Sayansi.

Mwaka wa 2017 wanafunzi watano wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Kisumu, waliojiita The Restorers, walifika fainali za Technovation huko California wakiwa na programu yao iitwayo i-Cut. Ilihusu ukeketaji. Wao wenyewe walitoka katika jamii ya Waluo, ambayo haina desturi hiyo, lakini walikuwa na rafiki aliyeathiriwa nayo. Msichana aliyetishwa kukeketwa angeweza kubonyeza kitufe na kuomba kuokolewa. Aliyekwisha kukeketwa angeelekezwa kwenye msaada wa matibabu na wa kisheria. Na aliyejua mpango wa kumkeketa mwingine angetoa habari. Hawakutwaa taji mwaka huo, lakini mwaka wa 2019 walikuwa miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho ya kuteuliwa kwa tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya.

Nimeitaja kazi yao si kwa sababu ya safari ya ndege. Nimeitaja kwa sababu walijua mpaka wao. Programu haikujifanya daktari, haikujifanya polisi wala hakimu. Ilichukua mtu mmoja aliye hatarini na kumfikisha kwa mtu mwingine mwenye uwezo wa kumsaidia. Tatizo lilikuwa moja, nalo lilikuwa kubwa: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ingawa sheria ya kukataza ukeketaji ilikuwa imepitishwa tangu 2011. Kinyume chake, kazi ninazoletewa mara nyingi huwa na vitufe vya malaria, kisukari, lishe, mimba na huzuni katika skrini moja. Huo ni mlundo. Ukiwa na miezi michache na timu ya wanafunzi wanaokwenda shule, chagua jambo moja ulijue hadi ndani.

Homa ya mtoto

Sasa nizungumze na wanafunzi wenyewe, na mzazi asome akiwa kando. Chukueni programu niletewayo zaidi, ile ya homa ya mtoto. Mama huifungua na kuulizwa umri wa mtoto, joto lake, kama anakohoa, kama anaharisha, kama anatapika, na kadhalika. Baada ya maswali kumi hivi skrini huandika "Huenda ni malaria", au "Ni mafua ya kawaida, mpumzishe".

Mfikirieni mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye tangu alfajiri amekataa kunyonya na amelegea kama nguo iliyolowa. Mama yake atajibu maswali tisa kabla ya kuambiwa akimbie hospitali, na akipatwa na bahati mbaya hataambiwa kabisa, kwa kuwa hakuna swali lililogusa kunyonya. Shirika la Afya Duniani huwafunza wahudumu waanze na dalili za hatari kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea kupita kiasi au hana fahamu. Moja tu inatosha kumpeleka hospitali sasa hivi. Kwa hivyo hizo ndizo zinazostahili skrini ya kwanza kabla ya umri, kabla ya joto, na kabla ya nembo ya timu yenu inayozunguka zunguka. Ziandikeni kwa maneno ya mama. "Hana fahamu" ni lugha ya hospitali. Mama atasema "namwita haamki".

Kisha kuna neno "malaria" lenyewe. Tangu mwaka wa 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe damu kabla ya kupewa dawa, maana homa ni mlango wa magonjwa mengi. Programu inayotamka "una malaria" bila kipimo imekosea hata siku inapobahatisha. Wala msithubutu kuandika dozi. Dawa za watoto hukadiriwa kwa uzito, na wengi wanaoijaribu programu hukisia uzito wa mtoto. Mkitaka swali lenye manufaa kwa mzazi wa Nairobi, mwulizeni kama mtoto amesafiri hivi karibuni kwenda maeneo ya Ziwa Viktoria, Magharibi au Pwani. Jibu hilo muhudumu wa afya atalihitaji, na mzazi mwenye wasiwasi husahau kulitaja.

Baada ya hapo ketini na karatasi. Kwa kila skrini andikeni upande mmoja inasema nini, na upande wa pili andikeni nani anaweza kuumia akiifuata neno kwa neno. Upande wa pili ukibaki mtupu kwa skrini zote, bado hamjafikiri vya kutosha. Karatasi hiyo ndiyo ninayotaka kuiona mnapokuja kwangu, na jaji mwenye akili atafurahi kuiona pia mkiitaja katika video yenu.

Asilimia 90 ina maana gani?

Siku hizi timu nyingi hufundisha kompyuta kutambua ugonjwa kwa picha au kwa majibu ya maswali, kisha hujivuna mbele ya majaji kwamba mtambo wao ni sahihi kwa asilimia 90. Alama 90 katika mtihani ni alama nzuri sana. Katika ugonjwa hesabu huenda njia nyingine, na ningependa mwifanye kwa mikono yenu.

Tuseme watoto 1,000 wanapimwa kwa programu yenu, na katika hao 20 ndio wagonjwa kweli. Programu inawatambua wagonjwa 9 katika kila 10, na inawaondolea hofu wazima 9 katika kila 10. Katika wagonjwa 20 itawapata 18 na kuwaacha 2. Katika wazima 980 itawatisha 98 bure. Basi simu zitakazolia ni 116, na walio wagonjwa kweli ni 18 tu, yaani mmoja katika kila sita au zaidi kidogo. Wengine wote wamepanda matatu, wamepiga foleni, wamelipa, na wameambiwa hawana kitu. Na wale wawili walioachwa wako nyumbani, mama zao wametulia kwa sababu simu imesema yuko salama.

Je, programu hiyo ni mbaya? Si lazima. Yategemea ugonjwa wenyewe, na yategemea inawaambia nini wale 116 na hasa wale 884 waliobaki. "Hatukuona dalili tulizouliza, lakini akizidiwa au akianza mojawapo ya haya, nenda hospitali" ni jibu la kweli. "Yuko salama" si jibu la kweli. Timu itakayoeleza tofauti hiyo kwa dakika moja katika video yake imeonyesha kwamba inaijua kazi yake.

Kuhusu picha za ngozi kuna hatari nyingine. Picha nyingi za magonjwa ya ngozi zilizo kwenye intaneti ni za watu weupe, na mitambo iliyofunzwa kwa picha hizo imeonekana kuboronga inapokutana na ngozi nyeusi. Upele unaoitwa mwekundu vitabuni, kwenye ngozi yetu huweza kuonekana wa kahawia iliyokolea, wa zambarau au wa kijivu. Mkikusanya picha 40 kutoka intaneti na kuzitia katika kompyuta, mmeifundisha kuwatibu watu wa nchi nyingine. Afadhali kuliandika hilo waziwazi katika maelezo ya mradi kuliko kungoja jaji aliulize.

Roboti za kuzungumza nazo zinazoendeshwa kwa akili mnemba zina tabia moja ambayo mwanafunzi yeyote amekwisha kuiona: hujibu kwa ujasiri ule ule zinapojua na zisipojua. Ikiwa mnaitumia, izuieni isijibu maswali ya dozi, ya mimba na ya sumu, na kwa hayo itoe namba ya kupiga. Tena semeni wazi ni sehemu gani ya kazi iliyofanywa na mtambo huo.

Hedhi, dawa na huzuni

Programu za hedhi ni nyingi, na karibu zote huanzia siku 28. Kwa mwanamke mzima mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida; kwa msichana katika miaka michache baada ya kuvunja ungo, hata siku 45 si ajabu. Msichana wa miaka 13 anayeambiwa na simu siku ya 30 kwamba "umechelewa" atalala na hofu ya mimba bila sababu. Tumieni nafasi hiyo kumwambia yanayostahili kumpeleka kwa daktari: damu inayopita siku saba, kubadilisha sodo kila saa moja au mbili, au miezi mitatu kupita bila hedhi. Halafu kumbukeni simu ni ya nani. Katika nyumba nyingi simu ni ya baba au ya mama, na ujumbe unaochomoza kwenye skrini wakati baba anatazama habari si jambo la mzaha kwa msichana. Ujumbe usitaje hedhi, na programu iwe na neno la siri.

Ya kukumbusha dawa ni rahisi zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kuliko zote, ingawa haina mbwembwe za kuwavutia majaji. Shida yake moja ni kidonge kilichosahauliwa. Nyanya aliyesahau cha asubuhi asiambiwe ameze viwili jioni ili kufidia, ila kama daktari wake amemwagiza hivyo.

Ya huzuni inahitaji moyo. Mapema au baadaye mtu ataandika kwamba hataki kuishi. Hapo programu isimpe methali ya kumfariji wala picha ya jua likichomoza. Impe mtu: namba 116 ya simu ya watoto, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu, na shauri la kumwita mtu mzima anayemwamini sasa hivi. Kumwuliza kijana waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Hilo wazazi wengi hawalijui, na walimu pia. Na kila namba mnayoiweka, iwe 116 au 1195 ya waliodhulumiwa kijinsia, pigeni kwanza msikie inaita. Namba iliyokufa ndani ya programu ya uokoaji ni kosa ambalo halina udhuru.

Nani aijaribu

Wanafunzi hupenda kuijaribu kazi yao kwa wanafunzi wenzao, ambao husema "iko sawa" na kurudi kwenye mpira. Mpeni mtu ambaye ameundiwa. Mpeni simu, msimwambie chochote, kaeni kimya mwangalie vidole vyake. Ukimwona nyanya anaipeleka simu mbali na uso, herufi zenu ni ndogo, kwa kuwa baada ya miaka 40 hivi jicho la kawaida huanza kushindwa kuona vya karibu. Akibonyeza mahali pasipo na kitufe, mchoro wenu umemdanganya. Watu watano wa namna hiyo watawafunza mengi kuliko fomu 200 za maswali zilizojazwa darasani.

Rangi pia. Wapo watu, wengi wao wanaume, wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, na wengine hawajijui. Kama hatari ni duara jekundu na usalama ni duara la kijani, wekeni na maneno. Halafu ijaribuni katika simu ya bei nafuu iliyopasuka kioo, bila bando. Mashauri ya dharura yasiyofunguka bila intaneti hayafai kwa mtu ambaye bando lake limeisha saa nane usiku.

Mkienda kuwauliza watu habari za magonjwa yao, sheria inawahusu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na habari za mtoto hazichukuliwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Dawa nzuri ni kutochukua msichokihitaji. Programu ya kukumbusha dawa haihitaji namba ya kitambulisho, wala haihitaji kujua dawa ni ya ugonjwa gani. Nimeona video ya kunadi wazo iliyoonyesha sura ya mtoto kitandani wodini, na muziki wa huzuni juu yake. Ilitoa machozi, lakini mtoto yule hakuulizwa, na atakapokuwa mtu mzima video itakuwa bado ipo. Mwigizaji kutoka katika timu yenu anatosha kabisa.

Mwili wa mshindani

Hapa namrudia mzazi. Siku ya mwisho ya Technovation katika misimu mingi imekuwa ikiangukia mwezi wa Aprili, karibu na mwisho wa muhula au ndani ya likizo, na ndipo ninapoletewa vijana wenye maumivu ya kichwa, macho yanayowasha na shingo iliyokaza. Mara nyingi hakuna ugonjwa. Mtu anayekodolea skrini hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, na jicho hukauka. Kila dakika 20 atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, na kompyuta iinuliwe juu ya vitabu ili shingo isiinamie meza kwa saa nne. Maumivu yasiyokoma baada ya kupumzika, yanayomwamsha usingizini au yanayokuja na kutapika si ya kompyuta, mlete aonwe.

Usingizi ndio wanaouibia kwanza. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kwa siku. Anayelala saa 4 kwa wiki nzima hadhani amepungukiwa, lakini ataketi saa mbili akitafuta kosa la mstari mmoja ambao asubuhi angeliliona kwa dakika tano. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa madukani havilipi deni hilo. Kafeini iliyomo huahirisha tu, huku moyo ukienda mbio na usingizi wa usiku unaofuata ukiharibika pia. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kimeshauri watoto na vijana wasivitumie kabisa, na mimi nakubaliana nacho bila masharti. Ukimpa mwanao nauli ya kwenda kukutana na timu, uliza atakula nini. Chai na mandazi kutoka asubuhi hadi jioni huleta ile mitetemo ambayo yeye ataiita woga wa kamera.

Woga wenyewe upo, na si ugonjwa. Anayezungumza katika video afanye mazoezi kwa kusimama, mbele ya watu wawili wa nyumbani, siku kadhaa kabla ya kurekodi. Kurekodi kufanywe asubuhi, sauti ikiwa bado mbichi na jirani hajafungulia redio.

Siku mbili kabla

Msingoje saa za mwisho. Stima hupotea, saiba hufungwa mapema, na video kubwa huchukua muda mrefu kupanda. Pelekeni kila kitu siku mbili kabla, kisha mmoja asiyekuwa katika timu afungue viungo vyote kutoka katika simu nyingine, aone kama video inacheza kwa mtu asiye na ruhusa yenu. Mtu mzima mmoja mwenye ujuzi wa afya, awe muuguzi, afisa wa kliniki au mfamasia wa mtaani kwenu, asome maneno yote ya mashauri. Si lazima awe daktari, na tafadhali msimletee usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Bado kuna kazi moja ambayo haimo katika fomu za mashindano. Programu yenu ikiwa tayari imo katika simu za watu, nani ataiangalia mtakapokuwa mnafanya mtihani wa taifa? Namba za simu hubadilika, miongozo ya matibabu hubadilika, na hospitali mliyoielekeza inaweza kuhamisha kitengo chake cha dharura. Jina la mwenye jukumu hilo liandikwe katika mpango wenu, pamoja na tarehe ya kuikagua tena. Kama hakuna wa kuandikwa, iondoeni programu mahali watu wanapoipakulia mara tu matokeo yatakapotangazwa, waarifuni mliowapa, na mfute habari zao zote mlizozihifadhi, hata zile za nyanya yenu.